Mire inakua kama msitu lakini haizai: niing'oe?

Jambo sana, baba wa bustani.

Mimi ni mama wa watoto wanne, ninakaa hapa Bukavu, upande wa Nguba, kwenye parseli ndogo inayoteremka kuelekea ziwa Kivu. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha udongo mwekundu, hatua kumi na mbili kwa sita hivi. Inakaribia miaka mitatu tangu shemeji yangu aniletee kutoka Kabare miche mitatu ya mire, aliyopewa katika bustani ya parokia moja. Unaijua: tunda jeusi la vichembe vilivyoshikana, na miiba inayong'ang'ania nguo kama ndoana. Niliipanda mwezi wa tisa mvua ziliporudi, nikaitilia mbolea ya dende, yaani simbilisi, na ya sungura, na kwa kweli haikuninyima majani.

Shemeji aliniambia hivi: mire inapenda panga. Kila Julai, kiangazi kikiwa kikali, ukate yote karibu na udongo, na mvua zikirudi itazaa. Alisema kwao wanafanya hivyo miaka yote na matunda yanajaa vikapu. Nikamsikiliza. Julai mbili zimepita, mimi na kijana wangu mkubwa tumekata kila kitu. Inachipuka tena kwa hasira, fito ndefu kunipita mimi, lakini maua hakuna.

Mwaka jana tu ndipo tulipoonja. Kuna fito mbili zilizokuwa zimejipenyeza kati ya tanki la maji na ukuta, panga halikuzifikia, tukaziacha. Mwezi wa kumi na moja zikatoa matunda, bakuli moja na nusu. Watoto walishangilia, kisha wakatema: makali kama ndimu, ingawa yalikuwa meusi kabisa na yanang'aa. Halafu kufika Machi, fito hizohizo mbili zikaanza kukauka kutoka kwenye ncha, na leo ni kijivu kama kuni. Mume wangu anasema ni ugonjwa, utaenea.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni jirani yangu wa chini. Ni muzee wa heshima, alinipokea vizuri tulipohamia. Fito zangu zinavuka ukuta wa mawe, zinainama, na ncha zake zinaingia katika udongo wake, katikati ya maharagwe, zinaota mizizi na kuwa mimea mipya. Mjukuu wake alikwaruzwa shavuni. Juzi aliniambia, kwa upole lakini bila kucheka, kwamba ikitokea tena atakwenda kwa shefu wa avenyu. Mama mkwe naye anasema haya ni magugu ya msituni, niyang'oe nipande lengalenga tule.

Niambie baba, niing'oe? Na kama nisiing'oe, kwa nini zile mbili tu ndizo zilizozaa, na kwa nini zimekufa? Kijana wangu ameshanoa panga, Julai ndiyo hii inaingia.

Aksanti sana.
Mama wa Nguba


JIBU

Mama yangu, jambo, na pole kwa mikwaruzo.

Kwanza kabisa mwambie kijana arudishe panga ndani. Usiing'oe mire yako, na Julai hii usiikate kama ulivyoikata Julai mbili zilizopita. Haina ugonjwa na si tasa. Jibu la maswali yako yote mawili umeliandika mwenyewe, pale uliposimulia zile fito mbili za nyuma ya tanki.

Mire ya miiba ina tabia ambayo miti yetu mingine ya parseli haina. Mzizi wake unaishi miaka mingi, hata 15 na zaidi ukitunzwa, lakini kila ufito unaotoka kwenye mzizi huo unaishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza ufito unarefuka na kutoa majani, basi. Mwaka wa pili haurefuki tena: macho yaliyo ubavuni mwake yanafunguka, yanatoa vitawi vifupi, vitawi vinatoa maua, maua yanakuwa matunda. Baada ya hapo ufito umemaliza kazi yake na unakufa. Wakati huohuo chini yake mzizi umeshasukuma fito nyingine changa, ambazo zamu yake itafika mwaka unaofuata.

Sasa rudi nyuma uangalie. Kila Julai umekuwa ukikata fito zenye umri wa miezi kumi hivi, zimekomaa, zimekaa tayari kufungua macho mvua zikirudi. Umekuwa ukiukata ufito wiki chache kabla haujazaa. Mzizi haukukata tamaa, ukasukuma fito mpya, nazo ukazikata zilipofikia umri uleule. Fito mbili zilizojificha nyuma ya tanki ndizo pekee zilizoufikia mwaka wake wa pili. Zikazaa, kisha zikafa, kama inavyotakiwa. Mwambie baba watoto kwamba hakuna kinachoenea.

Usimlaumu shemeji. Nadhani ninajua kosa lilipotokea, na nimeliona kwa watu wengi hapa Kivu. Kifaransa kina neno moja, mûre, kwa matunda mawili yasiyo na undugu wa karibu. Moja ni hili lako la miiba. Jingine ni tunda la mti, ule mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri, kama wanavyofanya wenzetu wa Rwanda. Kwa Kiswahili mti huo ni mforosadi, na tunda lake forosadi. Matunda yote mawili ni meusi, yote ya vichembe, yote yanachafua vidole, na sisi tulipolichukua neno tukayaita yote mire. Sasa, mforosadi unazaa kwenye chipukizi jipya. Ukiukata vikali, unachipua na kutoa matunda kwenye machipukizi hayohayo. Shemeji alisema kweli kabisa juu ya mti wa kwao. Ushauri mzuri wa mti mmoja ukaangukia mmea mwingine kwa sababu ya jina.

Kwa hiyo kuanzia leo, kabla ya kukata, jifunze kusoma umri wa ufito. Toka nje asubuhi, vaa nguo ya mikono mirefu, funika viganja kwa kipande cha gunia, kaa chini karibu na shina. Ufito wa mwaka wa kwanza unatoka moja kwa moja ardhini, ni wa kijani au wenye wekundu, umenyooka, aghalabu hauna matawi, na jani lake kwa kawaida lina vijani vitano vilivyofunguka kama kiganja. Ufito wa mwaka wa pili una ganda la kahawia, gumu kama mti, na ubavuni una vitawi vifupi vyenye majani ya vijani vitatu. Huko ndiko maua yanakokaa. Ufito uliomaliza ni kijivu, mkavu, na ukiuvunja unalia. Zishike kwa mkono mara mbili au tatu na hutachanganyikiwa tena. Mimi nilipoanza nilikuwa ninafunga kitambaa chekundu kwenye kila ufito mpya, na mwakani nilijua wa kitambaa ndio wa kuzaa. Mtoto wako wa pili anaweza kuifanya kazi hiyo.

Hizi fito ulizonazo sasa zilichipuka baada ya Julai iliyopita. Ni za mwaka wa kwanza, na zinamaliza mwaka huo. Zenyewe ndizo mavuno yako. Julai hii kata zile mbili kavu za nyuma ya tanki, kwenye usawa wa udongo, bila kuacha kisiki. Kisha hesabu fito zilizobaki katika kila shina. Pengine utakuta 15 au 20, nyembamba, zinasongana. Bakiza 5 au 6 zilizo nene na zenye afya, nyingine ziondoe. Utaona uchungu, ninaelewa, lakini fito 20 zinazogombania chakula cha mzizi mmoja zinakupa matunda madogo, na katikati yake hakupiti upepo. Tumia mkasi wa kupogolea, ule wanaouita sekateri. Panga linapasua ufito badala ya kuukata, na ule mpasuko ndio mlango wa ukungu. Ulichokata usikitupe kwenye mfereji wala bondeni. Kianike juani hadi kikauke kabisa, kisha ukichome.

Zilizobaki zinahitaji kitu cha kuegemea, na hapa ndipo matatizo yako mawili yanapoponywa kwa dawa moja. Simika nguzo tatu za mikaratusi, mstari ukikatisha mteremko, yaani usawa na ziwa, usiuelekeze chini kwa jirani. Pitisha waya mbili, moja kwenye kimo cha sentimita 60, ya pili kwenye mita 1 na nusu hivi. Chukua kila ufito, ulaze taratibu juu ya waya, uufunge kwa uzi laini au kamba ya mgomba. Usikaze. Ufito uliolazwa unafungua macho mengi zaidi ya ufito uliosimama, kwa sababu uliosimama unapeleka nguvu zake kwenye ncha. Fito zako zimeshakuwa ndefu mno. Zilaze, kisha kata ncha tu pale waya inapoishia. Zile mpya zitakazotoka mvua zikirudi, zikifika mita 1 hivi, chuna ncha yake laini kwa vidole. Sentimita kumi za juu zinatosha. Zitatoa matawi ya ubavuni, na matawi hayo ukiyapunguza yabaki na sentimita 40 kila moja, yatakuzalia mwakani.

Umeniambia miche ni mitatu. Kama ipo karibukaribu, nafasi inayoifaa ni mita 1 na nusu hadi 2 kati ya shina na shina. Kama umeipanda chini ya hapo, hamisha mmoja mvua zikianza, usiharakishe kiangazi hiki.

Nikwambie sasa jambo ambalo vitabu vingi vya bustani havitakwambia, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi. Huko mmea unalala, theluji inaondoka, macho yote yanafunguka wiki moja. Aina nyingi za Ulaya na Marekani zinadai kati ya saa 200 na 900 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 kabla ya kuchanua vizuri. Bukavu tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wetu ni wa shuka na blanketi, lakini nyuzi 7 hatuzijui. Ndiyo maana baadhi ya watu hapa wamepanda mire zilizotoka mbali, wakatunza kila kitu sawasawa, wakaishia kupata majani. Yako haiko hivyo. Bakuli moja na nusu kwenye fito mbili ambazo hakuna aliyezihudumia ni ushahidi tosha kwamba aina yako inaweza kuzaa katika hali yetu. Kama zile fito mbili zisingezaa, ningekujibu kwa tahadhari kubwa zaidi.

Kwa kuwa hatuna baridi ya kuulaza mmea, tunategemea kiangazi. Kati ya Juni na Agosti mire inapunguza mwendo, na mvua za Septemba zinaiamsha. Lakini haiamki yote pamoja. Utaona ua hapa, tunda bichi pale, ufito mwingine bado umelala. Usiogope, na usifuate kalenda kama askari. Fuata kila ufito na hali yake. Katika milima ya Andes, Kolombia na Ekwado, wanalima ndugu yake wa nchi za joto wanayemwita mora, naye anazaa mwaka mzima. Wakulima wa kule hawana siku ya kukata. Ufito ukimaliza unaondolewa, mwingine unaachwa, na mkasi haukai mbali na mkono.

Ukipenda kujaribu, kuna mbinu ya Michoacán, Mexico, ambako wanalima mire nyingi bila baridi ya kutosha. Wanaiangusha majani kwa makusudi na kukata ncha za fito ili macho yaamke kwa pamoja. Wao wanatumia dawa. Wewe tumia vidole. Mwisho wa Agosti chagua fito tatu tu, nyofoa majani yake makuukuu moja moja bila kujeruhi jicho lililo kwapani mwa jani, kata ncha, umwagilie vizuri. Fito nyingine ziache zilivyo. Kufika Novemba utajua ni zipi zilizochanua vizuri zaidi kwenye udongo wako, na hilo halitakuwa la kusikia kwa mtu.

Juu ya udongo nitasema machache, kwa sababu umeanza vizuri. Mire inapenda udongo wenye uchachu kidogo, na udongo wetu mwekundu wa miteremko hauna upungufu wa uchachu. Majivu ya jikoni usiyamimine hapo ovyo. Inachochukia ni maji yanayotuama, lakini kwenye mteremko wako yanaondoka yenyewe. Endelea na mbolea ya dende, iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila shina mvua zikianza. Kisha funika ardhi kwa majani makavu ya migomba au maganda ya maharagwe, unene wa kiganja, usiyagusishe na shina. Mizizi yake mingi iko juujuu, kwa hiyo palizi ni ya mkono. Jembe weka mbali. Kila mzizi unaoukata kwa jembe unaweza kusukuma chipukizi mahali usipolitaka.

Maji ya kiangazi: bidoni moja ya njano, litre 20, kwa kila shina kwa wiki, mimina chini taratibu, usinyeshee majani. Ninajua bei ya bidoni Bukavu robineti zinapokauka. Maji uliyooshea mchele na mboga yanafaa sawasawa, mradi hayana sabuni. Na ukibakiwa na bidoni moja tu, mpe maji ufito wenye matunda yanayovimba, kwani hapo ndipo kiu inapoharibu zaidi.

Tuje kwa muzee.

Kilichotokea kwenye maharagwe yake ndiyo njia ya mire ya kutembea. Ufito ukirefuka bila kushikwa unainama kwa uzito wake, ncha inagusa udongo, inavimba, inageuka nyeupe kama kidole cha mtoto kilichokaa majini, na baada ya wiki chache imeota mizizi. Mmea mpya umezaliwa hatua mbili kutoka kwa mama yake. Waya zitaukomesha mchezo huo, lakini iliyokwisha kuota kwake haitaondoka yenyewe, na si yeye wa kuihangaikia.

Nenda kwake kabla hajaenda popote. Nenda na kijana wako, na jembe, na saa ambayo hakuna haraka, baada ya ibada ya Jumapili kwa mfano. Usianze na miche, anza na shavu la mjukuu. Kisha omba ruhusa ya kuing'oa mwenyewe. Kata ufito unaounganisha, chimba kila mche na mizizi yake yote kwa uma au jembe jembamba, pekua udongo kwa vidole, toa kila kipande. Mwambie ukweli kwamba mwezi wa kumi huenda kikachipuka kipande kilichosahaulika, na kwamba utarudi kukitoa. Ukiona ukuta ni mfupi, acha upande wako njia ya hatua moja na nusu isiyo na mire kabisa, na ipitie kila Jumamosi wakati wa mvua. Wakati huo ufito unaweza kurefuka upana wa kiganja na zaidi kwa wiki.

Miche utakayoitoa kwake usiitupe. Wewe unaihitaji, au kuna mama mwingine anaihitaji. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza mire: ukitaka mche, unaizika mwenyewe ncha ya ufito sentimita nane au kumi ndani ya mfuko wenye udongo mzuri, unaiwekea jiwe juu isitoke, unangoja mizizi, kisha unakata nyuma yake na kubakiza ufito wa urefu wa mkono. Muzee akisema anautaka mmoja, mpe, lakini mpe pamoja na nguzo na waya, na siku ya kuusimika uwepo.

Ombi langu hapa ni zito, na ninalitoa kwa kila anayesoma. Usipeleke miche hii kwa ndugu wanaolima karibu na msitu wa Kahuzi. Mama mkwe wako ana haki kwa sehemu: mire ina ndugu zake wa porini, wanaota kando ya msitu huo, na hata gorila hula matunda na majani yake. Hao ni wa hapa, wamezoeana na msitu. Wa kuletwa ni jambo jingine. Ndege anakula tunda, anaruka nalo, anaangusha mbegu mahali ambapo hakuna mtu mwenye mkasi. Visiwa vya Galápagos vinahangaika na mire moja iliyotoka Asia, na kisiwa cha Réunion kinahangaika na nyingine. Kote kuwili zilifika kutoka nje, zikaingia porini na kusonga mimea ya asili. Ndani ya Nguba, kwenye waya, matunda yakichumwa kila siku mbili, una uwezo wa kuitawala. Kando ya Kahuzi hutaweza, na wala atakayekuja baada yako hataweza.

Sasa yale makali ya ndimu. Watoto waliyachuma mapema, mama, na kila mtu anafanya kosa hilo mwaka wa kwanza kwa sababu ya rangi. Tunda la mire likiwa jeusi na linang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, bado ni kali. Lisubiri siku mbili tatu. Mng'ao unafifia, vichembe vinanenepa na kulegea kidogo, na ukilishika kwa vidole viwili linakufuata bila kuvutwa. Likikataa, liache. Halitaiva kwenye bakuli wala kabatini kama avoka. Utamu wake wote linaupata likiwa bado kwenye ufito. Moyo mweupe ulio ndani utatoka pamoja na tunda. Hivyo ndivyo unavyoitofautisha na frambuazi, ambayo inaacha moyo wake kwenye mmea na kubaki kikombe kitupu.

Tangu ua lifunguke hadi tunda liwe tayari, hesabu wiki sita hadi tisa. Chuma asubuhi, umande ukishakauka, weka kwenye sahani pana, tabaka mbili tu, ya chini yasipondwe. Usiyaoshe hadi saa ya kula. Yanakaa siku mbili tu, ya tatu yameanza kutoa maji. Wakati wa mvua pita kila baada ya siku moja. Tunda lililoiva likiachwa kwenye mvua linaota manyoya ya kijivu na kuwaambukiza wenzake, kwa hiyo hata yaliyoharibika yachume na uyafukie mbali.

Ukipata kilo nzima, pika konfitire, yaani jemu. Gramu 800 za sukari kwa kilo, ndimu moja, na katika hiyo kilo changanya kiganja kimoja cha yale mekundu ambayo hayajaiva. Yale ndiyo yanayoigandisha, yaliyoiva sana peke yake hubaki maji. Koroga kwa mwiko wa mti, toa povu, na ujue imekuwa tayari ukidondosha tone kwenye sahani baridi na ukilisukuma kwa kidole linajikunja.

Chupa ya kwanza mpelekee mama mkwe na mkate. Ya pili ipeleke kwa muzee, chini ya ukuta.